Chuo kinafundisha kwa Kiingereza na bado kinakusumbua? Fanya hivi

Naandika hii kwa ajili ya yule anayekaa lekcha masaa 2, anaandika mpaka vidole vinauma, alafu akitoka nje mwenzake akimuuliza leo tumesoma nini anakosa cha kujibu. Sio kwamba hana akili, na sio kwamba hakusikiliza. Lekchara akitamka sentensi yeye kichwani anaigeuza kwanza iwe Kiswahili, akimaliza kuigeuza anakuta mwalimu kashasogea sentensi 3 mbele na slaidi imebadilika, basi siku nzima inakua ni kumkimbiza mtu ambaye humfikii. Mimi nimekaa kwenye hicho kiti, najua kinavyouma, ndo maana naandika kwa kirefu.

Testi yangu ya kwanza chuo nilitoka nikiwa na furaha kabisa manake maswali yote nilikua nayajua. Karatasi ikarudi, nina 8 kwa 20. Swali lilianza na neno "discuss", mimi nikapanga pointi 7 moja chini ya nyingine kama nilivyozikariri, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimetaja tu, sijajadili. Somo nilikua nalijua! Kilichoniangusha ni neno 1 la kwenye swali ambalo nililiona mara elfu na sikuwahi kujiuliza linaniagiza nifanye nini hasa. Niliumia sana siku ile.

Hapo ndo nikaanza kuelewa jambo ambalo ndo msingi wa yote ntakayoeleza hapa. Kiingereza cha chuo hakisomwi pembeni. Usisubiri likizo ukachukue kozi ya Kiingereza alafu ndo urudi kwenye somo lako, hiyo likizo ikifika utakua umeshafeli. Kinasomwa humo humo kwenye handauti zako na asaimenti zako, na kinakaa kichwani pale unapokitoa wewe kwa mdomo na kwa kalamu. Ukiishia kukipokea tu kinapita.

Jua kwanza unapambana na Kiingereza kipi

Kila mtu atakuambia angalia muvi, sikiliza miziki, chati kwa Kiingereza, utajua tu. Zinasaidia, sikatai, sikio linazoea. Ila mwaka 1979 mtafiti wa Canada anaitwa Jim Cummins alitenganisha lugha ya maongezi ya kila siku na lugha ya darasani, na kwenye tafiti za watoto wahamiaji ikaonekana maongezi wanayashika kwenye miaka 2 hivi, ila kwenye lugha ya kusomea wanachukua kama miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao wazawa. Kwa hiyo ukimuona mtu anamwaga yai kwenye stori na bado asaimenti zake zinarudi zimejaa wekundu usishangae. Na wewe ambaye stori za Kiingereza zinakushinda usijiandike kwamba huwezi kuandika insha ya maana. Ni vitu viwili, na chuo kinakupima kile cha pili.

Hiyo miaka isikutishe pia. Wewe ni mtu mzima, dhana nyingi za somo lako unazo tayari kwa Kiswahili, hujifunzi vyote kuanzia sifuri.

Maneno: usianze na yale magumu ya somo

Hapa ndo wengi tunapotea. Mwanafunzi anatengeneza orodha ya maneno mazito ya kitaalamu, "photosynthesis", "jurisprudence", "amortization", anayakariri. Kumbe hayo ndo mepesi, manake mwalimu atayaeleza, yapo kwenye slaidi kwa herufi kubwa, na kila kitabu kina maana yake. Yanayokuangusha ni yale ya katikati ambayo hakuna mtu anayeyaeleza kwa sababu kila mtu anadhani unayajua: "assume", "imply", "whereas", "derive", "constitute", "account for", "to what extent". Hayo ndo yanabeba hoja. Ukikosa "whereas" umekosa kwamba sentensi nzima ilikua inalinganisha vitu viwili, unaondoka na nusu ya maana.

Kuna mama mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, alichukua maandishi ya chuo yenye maneno kama milioni 3.5 kutoka masomo ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayahesabu, na mwaka 2000 akatoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, familia ni neno na ndugu zake, kama "analyse", "analysis", "analytical". Angalia hesabu yake ilivyo tamu: maneno 2,000 ya kawaida kabisa ya Kiingereza yanafunika kama asilimia 76 ya maandishi yale, na hizo familia 570 peke yake zinaongeza asilimia 10. Yani katika kila maneno 10 unayosoma chuo, 1 linatoka kwenye orodha hiyo, haijalishi unasoma uhandisi au historia. Inaitwa Academic Word List, ipo bure mtandaoni, imegawanywa vifungu 10 kuanzia yanayotokea sana, na kifungu cha kwanza kina maneno 60 tu. Anza na hayo 60. Utakuta mengi unayajua kwa sura, "analyse", "concept", "factor", "significant", ila kulijua neno kwa sura na kuweza kulitumia kuna safari katikati.

Sasa usiyakariri kama shairi. Chukua handauti ya kozi yako, tafuta neno lilipo, nakili sentensi nzima lilimokaa, alafu tunga ya kwako kuhusu somo lako. Alafu shika neno pamoja na rafiki zake, manake maneno ya Kiingereza yanatembea kwa makundi. Sisi tunasema "kufanya utafiti" basi mtu anaandika "make research", wakati wenyewe wanasema "conduct research" au "do research". Hitimisho kwao ni "draw a conclusion", kuchangia ni "contribute to", na hiyo "to" usiiache nyuma. Ukiandika neno peke yake kwenye daftari umeandika nusu.

Kukumbuka kuna njia ya zamani na inafanya kazi vizuri. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alijipima mwenyewe akaonyesha kwamba tunachojifunza kinatoka kichwani haraka sana siku za mwanzo, baada ya hapo kinapungua taratibu. Dawa yake ni kurudia kwa kuachanisha: leo, kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, baada ya mwezi. Andika kwenye vikadi, mbele weka sentensi yenye pengo na nyuma weka neno. Ukikosa kadi inarudi kundi la kila siku, ukipata inasogea kundi la mbali. Kama unapenda simu kuna programu ya vikadi inaitwa Anki, inakupangia yenyewe siku za kurudia. Maneno 5 kwa siku yanatosha, ukijaza 30 utaacha wiki ijayo, nimeshaona watu.

Kwa nini neno unalijua kwenye karatasi ila ukilisikia hulitambui

Hili hakuna aliyewahi kunieleza nikiwa mwaka wa kwanza na natamani ningejua mapema. Kwenye Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kitabu, mwanafunzi, anajifunza. Sikio letu limezoea hivyo tangu utotoni. Kiingereza mkazo unahamahama hata ndani ya familia moja. Angalia, ntaandika mkazo kwa herufi kubwa: "ANalyse", alafu "aNAlysis", alafu "anaLYtical". Neno lile lile mkazo umekaa sehemu 3. Na silabi zisizo na mkazo wanazimeza, hazitamkwi kamili kama zetu, kwa hiyo wewe unasubiri usikie a-na-li-sisi na mwenzako kapita na kitu kifupi kama "nalsis", unabaki unajiuliza hilo neno gani jipya.

Dawa: kila neno unaloandika kwenye kadi weka alama juu ya silabi yenye mkazo, fungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, sikiliza mara 2, tamka kwa sauti mara 3. Nusu dakika tu. Mimi baada ya mwezi hivi wa kufanya hivi nilihisi kama lekchara wangu kapunguza spidi, na mtu wa watu alikua anaongea vile vile siku zote.

Lekcha inaanza jana yake

Ukiingia darasani mada huijui na lugha huijui, umebeba mizigo 2 kwa wakati mmoja. Punguza mmoja. Usiku kabla ya lekcha chukua dakika 20, fungua slaidi au sura ya kitabu, soma vichwa vya habari tu na michoro na sentensi ya mwanzo ya kila sehemu, tafuta maana ya maneno 5 mpaka 8 yanayojirudia. Na hapa ntasema kitu wengine hawakubali: soma hiyo mada kwa Kiswahili kama unaipata, au muombe mtu akueleze kwa Kiswahili. Ukishajua wazo linahusu nini, kesho sikio lako linakua na kazi ya kutambua tu.

Watu wanaona aibu na hili, wanaona kama ni kudanganya. Hapana. Huko Wales, ambako watu wana Kiingereza na Kiwelisi, mwalimu anaitwa Cen Williams miaka ya 1990 alieleza utaratibu wa makusudi kabisa wa darasani, mwanafunzi anasoma au kusikiliza kwa lugha moja na anaandika au kuongea kwa nyingine, manake huwezi kulihamisha wazo kutoka lugha moja kwenda nyingine kama hujalielewa. Kwa hiyo Kiswahili chako ni ngazi. Shida inakuja pale tu unapoishia kwenye Kiswahili, mkajadili grupu nzima kwa Kiswahili vizuri kabisa mkafunga daftari, alafu kwenye mtihani unakuta wazo unalo na maneno huna. Sheria niliyojiwekea: raundi ya kwanza Kiswahili, raundi ya mwisho lazima Kiingereza, hata kama ni sentensi 4 za kubabaisha.

Ndani ya lekcha acha kunakili kila kitu. Sikiliza vibao vya barabarani, yani yale maneno ambayo mwalimu anayatumia kukuonyesha anakoelekea. Akisema "the point here is" kalamu juu, ndo lenyewe hilo. Akisema "in other words" anarudia alichosema kwa maneno mepesi, ni nafasi ya pili umepewa kama ya kwanza ilikupita. "Having said that" anageuza, anakuja na upande mwingine. "For instance" ni mfano, ukikupita sio msiba. Ukishazijua hizi kama 20 hivi, hata sehemu ambayo maneno yamekupita bado unajua uko wapi.

Karatasi yako igawe. Kuna mtindo uliotoka chuo kikuu cha Cornell, aliueneza Walter Pauk miaka ya 1950, unachora mstari kushoto unaacha nafasi nyembamba, kulia unaandika noti, na chini unaacha kama mistari 5. Noti za kulia changanya lugha upendavyo, mishale, vifupi, Kiswahili, hakuna anayekusahihisha. Ila siku hiyo hiyo kabla hujalala, kushoto andika maswali kwa Kiingereza ambayo noti zile zinayajibu, na chini andika muhtasari wa sentensi 5 kwa Kiingereza chako mwenyewe bila kuangalia slaidi. Hizo sentensi 5 ndo mazoezi ya mtihani, ukizifanya kila siku ya lekcha semista nzima utakua umeandika mamia ya sentensi za somo lako, na mwenzako ameandika sifuri.

Kurekodi lekcha omba ruhusa kwanza. Na ukirekodi usijidanganye kwamba utasikiliza masaa 2 yote tena, chagua dakika 5 zilizokupoteza, zirudie mpaka zikae.

Kusoma kitabu bila kulala juu yake

Usianze neno la kwanza na kamusi mkononi. Soma muhtasari wa mwanzo, ruka mpaka hitimisho, alafu sentensi ya kwanza ya kila aya, ndo urudi mwanzo sasa. Watafiti wa maneno, Paul Nation na wenzake, wanasema ili usome kwa raha bila msaada unatakiwa ujue kama maneno 98 katika kila 100 ya ukurasa. Jipime, chukua maneno 100 hesabu usiyoyajua, kama ni 10 au 15 hiyo makala haitakuingia leo hata ukae mpaka asubuhi. Tafuta maelezo mepesi ya mada ile ile, kitabu cha utangulizi, hata cha sekondari, kisome kwanza, alafu rudi. Kurudi nyuma hivyo kunaokoa muda.

Alafu kuna sentensi ambazo maneno yote unayajua na bado huelewi. Hizo zina ugonjwa mmoja, vitendo vyote vimegeuzwa kua majina. Mfano huu: "The rapid expansion of irrigation resulted in a reduction in the availability of water downstream." Kitendo cha kweli pale ni kimoja tu, "resulted in", vingine vyote vimevaa nguo za majina. Ivue: nani kafanya nini, alafu ikawaje? Kilimo cha umwagiliaji kilipanuka haraka, kwa hiyo watu wa chini ya mto wakapungukiwa maji. Basi! Fanya hivyo sentensi 3 kwa siku, na ukishazoea kuzivua utaanza kuweza na kuzivalisha, manake kwenye asaimenti wanakutaka uandike hivyo na wewe.

Angalia pia maneno madogo ya tahadhari. "The results suggest that the drug may reduce pain" sio sawa na kusema dawa inapunguza maumivu. Ni kwamba matokeo yanaashiria huenda inapunguza. Ukija kuandika "the study proved" umemsingizia mwandishi kitu hajasema, na walimu wanakata maksi hapo bila huruma.

Mdomo

Hapa najua ndo penye maumivu. Unanyoosha mkono, unasema "he" ukiwa unamzungumzia mwanamke, watu wanacheka, unakaa, na hunyooshi tena mpaka unamaliza chuo. Nimeona watu wenye akili kunizidi wakinyamaza miaka 3 kwa sababu ya kicheko cha sekunde 2. Nikiweza kukuomba kitu kimoja kwenye maandishi haya yote ni hiki, usikubali kicheko kikunyang'anye elimu yako. Na wewe unayecheka mwenzako, tafadhali acha, hujui unafunga nini.

Canada tena, mtafiti Merrill Swain aliwaangalia watoto wa nyumba za Kiingereza waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka na miaka. Kuelewa walikua wanaelewa vizuri sana. Kuongea na kuandika, bado makosa kibao. Mwaka 1985 akasema kusikia peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe kuitoa lugha, manake ni pale unapojaribu kusema ndo unagundua pengo lako liko wapi. Unaposikiliza tu unaweza kubahatisha maana ukapita. Unapoongea huwezi kubahatisha, lazima uchague "is" au "was".

Kwa hiyo anza na ukuta. Kweli, ukuta wa chumba chako. Chagua dhana 1 ya leo, ielezee kwa Kiingereza dakika 4 bila kusimama, ukikwama neno zunguka, lieleze kwa maneno mengine. Alafu maelezo yale yale kwa dakika 3. Alafu kwa dakika 2. Kila raundi ulimi unafunguka na yale "eeh, eeh" yanapungua kwa sababu wazo ni lile lile, umebaki na kazi ya lugha tu. Rekodi raundi ya mwisho kwenye simu uisikilize kesho yake.

Kutoka ukutani nenda kwa mtu 1 mnayeaminiana, mpeane zamu. Alafu tutoria: jiwekee swali 1 kwa wiki, uliandike nyumbani, ulisome hata kwenye karatasi, hakuna sheria inayokataza. Beba sentensi chache zilizo tayari mfukoni: "Could you go over that last part again?", "Do you mean that...?", "I'd like to add something to that." Ukiwa na mlango wa kuingilia, sentensi ya ndani inakuja yenyewe.

Prezentesheni usiikariri neno kwa neno. Ukisahau neno 1 yote inaanguka. Kariri sentensi ya kufungua, sentensi za kuhama kutoka pointi kwenda pointi, na ya kufunga, katikati ongea.

Kuandika

Rudi kwenye testi yangu. Kila swali la mtihani lina kitenzi cha kuamuru, na kila kitenzi kina kazi yake. "Define" unatoa maana, mistari 2 au 3, kwisha. "Describe" unaeleza kilivyo. "Explain" unasema kwa nini au kivipi, hapo bila "because" hujajibu. "Compare" unaviweka vitu viwili ana kwa ana kwenye aya moja, sio kueleza A ukurasa wa kwanza na B ukurasa wa pili. "Discuss" unaleta pande zaidi ya moja, unazipima, unasema wewe unasimama wapi na kwa nini. "Evaluate" au "to what extent" wanataka hukumu yako yenye ushahidi, kiasi gani ni kweli na wapi inagoma. Chukua mitihani ya nyuma ya kozi yako, zungushia hivyo vitenzi tu, pepa 5 zitakuonyesha mwalimu wako anapenda vipi.

Kwenye aya: sentensi ya kwanza dai lako, zinazofuata ushahidi, alafu unaeleza huo ushahidi unahusiana vipi na dai. Hiyo ya kueleza ndo tunaisahau sana. Kama unakosa maneno ya kuunganisha kuna tovuti ya chuo kikuu cha Manchester inaitwa Academic Phrasebank, ni bure, imejaa vipande vya sentensi vya kutambulisha mada, kukosoa utafiti, kulinganisha, kueleza matokeo. Ni mifupa tu, haina nyama ya mtu, kwa hiyo kuitumia sio wizi. Kinachokua wizi ni kuchukua aya ya mtu na kubadilisha maneno mawili matatu, na hili wengi tunalifanya kwa hofu ya Kiingereza chetu, sio kwa ubaya. Njia ya kutoka: soma aya, funga kitabu kabisa, subiri kidogo, andika ulichoelewa, alafu fungua ulinganishe na utaje ulikotoa.

Makosa ya kwetu sisi wa Kiswahili yanajulikana, na uzuri wake yanarudi yale yale. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo tunachanganya "he" na "she". Sisi tunasema "wanafunzi waliulizwa" na ile "wa" inatufanya tuandike "the students they were asked", hiyo "they" itoe. Tunasema "ingawa... lakini", basi tunaandika "although... but", Kiingereza kinataka moja tu. Tunaongeza wingi kwenye "informations", "researches", "equipments", "advices", yote hayo kwenye uandishi wa chuo yanabaki bila "s". Tunaandika "discuss about" wakati "discuss" haihitaji "about". Tunaisahau "s" kwenye "the study shows". Na "a" na "the" ndo jipu kubwa manake sisi hatuna kabisa vitu hivyo. Kipimo kinachonisaidia mara nyingi: kitu kikitajwa mara ya kwanza na kinahesabika weka "a", kikirudi na ukiweza kukisemea "hicho tulichokitaja" bila sentensi kuharibika, weka "the". "A survey was conducted in 3 schools. The survey showed..." Haimalizi kila kesi, ila inapunguza wekundu sana.

Usisahihishe vyote kwa pamoja. Soma kazi yako kwa sauti mara 3, mara ya kwanza unawinda "he/she" na "s" tu, mara ya pili "a" na "the" tu, mara ya tatu sentensi ndefu zilizounganishwa kwa koma tupu. Jicho linalotafuta kitu 1 linakiona.

Kuhusu programu za kutafsiri na hizi za akili bandia, zitumie kama mwalimu, zisikuandikie. Andika wewe kwanza kwa Kiingereza chako kilivyo, alafu iulize imebadilisha nini na kwa nini, na kosa lililojirudia lihamishie kwenye vikadi. Ukiandika Kiswahili ukabonyeza tafsiri ukakabidhi, asaimenti itapita, ila siku ya mtihani kwenye kile chumba unaingia na kalamu tu. Angalia pia chuo chako kinaruhusu nini, sheria zao zinatofautiana.

Ukigawa muda, siku ya kawaida inakula kama dakika 50: 20 za kujiandaa na lekcha ya kesho, 10 za vikadi, 10 za muhtasari wa sentensi 5, 10 za ukuta. Siku ukichoka fanya vikadi na ukuta tu, vingine viache.

La mwisho, ile karatasi yenye wekundu usiitupe wala kuificha. Mimi ile ya 8 kwa 20 niliikunja nikakaa nayo wiki 2 ndo nikapata ujasiri wa kugonga mlango wa ofisi. Nikamwambia, mwalimu, naomba unionyeshe sentensi 1 tu hapa ambayo ingekua majadiliano, ningeiandika vipi. Akavuta kiti, akachukua pointi yangu ya kwanza, akaongeza chini yake "However, this depends on", akanikabidhi kalamu akasema malizia. Nenda na wewe na ombi dogo la namna hiyo, sentensi 1, ukiwa umeshajaribu mwenyewe pembeni kwa penseli.